Urithi Usiishie Mnazi Mmoja: Kuisoma Dar es Salaam kwa Miguu Mpaka Kariakoo

Ukimwomba mwenyeji wa Dar es Salaam akuonyeshe urithi wa mji wake, atakupeleka Posta. Utaonyeshwa Sanamu ya Askari, Kanisa la Mtakatifu Joseph, Boma la Kale, Makumbusho ya Taifa na, muda ukiruhusu, Bustani ya Mimea. Kisha mnatafuta madafu, ziara imekwisha. Hakuna ubaya wowote kwenye ziara hiyo. Nimeifanya mara nyingi na wageni wangu wote wameipenda. Kinachonikera ni pale inapoishia. Watembezaji niliowafuata karibu wote hugeuka kabla ya Mnazi Mmoja, kana kwamba ng'ambo ya pale kuna biashara tu.

Haya ni maandishi ya uhakiki, ingawa hakuna kitabu kimoja ninachokihakiki. Ninachokihakiki ni mji wenyewe, yaani maneno yaliyoandikwa hadharani kuanzia Mtaa wa Shaaban Robert mpaka ukingo wa Bonde la Msimbazi: kwenye shaba, kwenye vibao vya mitaa, kwenye paji la majengo, kwenye kuta. Hoja yangu ni kwamba urithi mkubwa wa Dar es Salaam umo kwenye maneno kuliko kwenye mawe, na maneno mengi ya maana yako upande ule ambao ziara haifiki. Tena yanafutwa, na yakishafutwa hatuna nakala.

Kuanzia kwa Shaaban Robert

Anza Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Mtaa wa Shaaban Robert ni mtulivu kuliko mingi ya katikati ya mji, na sisi wapenzi wa fasihi tuna sababu ya kuanzia hapo. Yako Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Jirani yake kuna Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Mjerumani Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mimea ya biashara. Bustani hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Barabara na majengo vimeimega mpaka imebaki kipande, lakini ni kipande chenye kivuli cha bure, kitu adimu mjini hapa. Ndani yake umo mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi kubwa inayofanana na nyonga za binadamu, ambayo wapiga picha hawaiachi.

Juu ya miti hiyo yote wanatawala kunguru. Nao ni sehemu ya historia, si ya mazingira tu. Ni kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakavuka bahari na kuuteka mji huu bila kumwaga damu, ukiacha damu ya ndege wadogo ambao mayai yao wanayala. Kwa hiyo hata asili ya hapa ina mkono wa utawala: bustani ya Mjerumani, ndege wa Mwingereza, mnazi wa kisiwa cha mbali. Ukitaka kujua miti iliyoota hapa yenyewe, bustani haitakusaidia sana. Itabidi usubiri vibao vya Kariakoo.

Shaba isiyo na jina

Fuata Samora Avenue kuelekea magharibi. Barabara hii ni kama daftari lililofutwa na kuandikwa upya kila alipobadilika mwalimu. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakasema Acacia Avenue, uhuru ukaleta Independence Avenue, na leo ni ya Samora Machel. Katikati yake amesimama Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, aliyezinduliwa mwaka 1927. Kama shaba, ni kazi nzuri, sibishi. Mwili umeinama mbele, singe iko tayari, ngozi ya uso ina uhai.

Shida iko kwenye maandishi yaliyo chini yake. Yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, mwandishi anayetajwa ni Rudyard Kipling, na maneno hayohayo utayakuta Nairobi na Mombasa. Yanaahidi kwamba jina la aliyekufa vitani litakumbukwa na wanawe. Ni ahadi nzito. Sasa izunguke sanamu pande zote, utafute jina. Hakuna. Si la askari, si la mpagazi, hata moja. Nikihakiki kama ninavyohakiki shairi, nasema hapa umbo linaisaliti maana: maandishi yanayosifu kumbukumbu ya jina yamechongwa bila kumtaja mtu yeyote.

Na wapagazi ndio waliokufa wengi zaidi. Katika vita vile vya 1914 mpaka 1918, makumi ya maelfu ya watu waliobebeshwa chakula, risasi na vipande vya mizinga walimalizwa na njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kiliwekwa magharibi ya mji, kwenye eneo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga lakini hawakuwahi kulitumia kama soko. Watu wa mji walilisikia jina hilo la Kiingereza, wakalitafuna, wakalitema likiwa Kariakoo.

Hakuna kamati iliyokaa kulichagua jina hilo, wala mshairi aliyelipwa. Ila leo kila konda anayeita abiria "Kariakoo, Kariakoo!" anawataja wapagazi wale, ajue asijue. Kama nikiulizwa mnara bora wa vita ile mjini hapa ni upi, nitataja neno hilo kabla ya shaba. Na eneo lenyewe halijabadili kazi: mpaka kesho linaishi kwa migongo ya wabeba mizigo, mikokoteni na maguta.

Nyumba zenye tarehe usoni

Teremka mpaka Sokoine Drive. Sitakaa sana hapa kwa sababu wengine wamekaa. Boma la Kale na Nyumba ya Atiman ni za miaka ya 1860, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima. Boma limekarabatiwa na tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu majengo, hatua ya kupongezwa. Lakini mimi hupenda zaidi kisa cha Atiman. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wake wa Sultani inaitwa leo kwa jina la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akawa tabibu wa Karema kwenye Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi. Mtumwa amemrithi Sultani kwa njia ya jina. Riwaya nzima imo humo, na inamsubiri mwandishi.

Toka hapo panda Uhindini: Mtaa wa Mosque, Indira Gandhi, Jamhuri, Mtaa wa India. Inua macho juu ya mabango ya maduka ya simu. Kwenye paji la majengo ya ghorofa moja au mbili utakuta miaka imeandikwa kwa saruji, ya miaka ya 1930, ya 1940, ya 1950, mara nyingi pamoja na jina la mwenye nyumba au la familia. Hawa walikuwa waandishi kweli. Aliyejenga alijua atasomwa na mpita njia, akatia sahihi na tarehe. Huo ni ustaarabu ambao maghorofa mapya ya vioo hayana. Kioo hakiandikwi kitu, kinakurudishia sura yako tu.

Na majengo hayo yanapungua. Mtu wa makamo yangu anaikumbuka Salamander ya Samora ikiwa jengo la kale lenye vibaraza. Leo jina hilo limebaki kwa mnara mrefu uliosimama mahali pake. Angalau jina limebaki, utasema. Ni kweli, na ushikilie hilo, maana Kariakoo hata majina hayana uhakika.

Mstari wa 1914

Kwenye Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji, ndipo inapoanza Uhuru Street, zamani Kichwele. Ifuate. Baada ya hatua chache upeo unafunguka: Mnazi Mmoja, miti, Mwenge wa Uhuru, watu wamelala kwenye nyasi. Hapa ndipo ziara hugeuka.

Nafasi hii wazi haikutokea kwa bahati. Mwaka 1914 Wajerumani waliandika kanuni ya ujenzi iliyougawa mji katika kanda tatu, na Waingereza wakaendelea nayo kwa namna yao. Tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuitenganisha Uhindini na Kariakoo. Kinachonivutia kama msomaji ni lugha ya kanuni zile: zilizungumzia aina ya majengo. Huku nyumba za Kizungu, kule nyumba za biashara, na pale nyumba za "wenyeji". Ubaguzi wa watu uliandikwa kama ubaguzi wa kuta.

Sasa soma Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya 1964. Inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940. Mengine yote yanasubiri tangazo la Waziri. Hebu piga hesabu. Mji wenyewe ulianza kujengwa miaka ya 1860. Nyumba ya udongo na miti, yenye bati la kutu, iliyojengwa Kariakoo miaka ya 1920, haina pa kuingilia kwenye sheria hiyo, labda iwe na mlango. Sisemi walioiandika walikuwa na nia ya wakoloni. Nasema matokeo yanafanana: jiwe linahesabiwa kuwa historia, udongo unahesabiwa kuwa kiwanja. Na watembezaji wetu, bila kujua, wanageukia palepale alipotaka yule mchora ramani wa 1914.

Basi tusigeuke. Kwa kulia kwako uko ukumbi wa Arnautoglu, ambako mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA. Mbele ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Nchi hii ilijadiliwa kwenye vyumba vya Uswahilini, vibarazani na uani, kabla ya kutangazwa uwanjani.

Kamusi ya vibao

Kariakoo imepangwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo vibao vya mitaa vinakujia mfululizo kama maneno ya kamusi. Visome polepole. Mkunguni: hapo palikuwa na mikungu. Mchikichi: michikichi. Ongeza Mnazi Mmoja tuliyoivuka, na kwa mbali Mikocheni na Mwembechai. Bustani ya Stuhlmann imehifadhi miti ya kigeni, ila miti ya hapa imehifadhiwa na lugha. Miti yenyewe karibu yote imekatwa. Ukiona mwarobaini mmoja umebanwa kati ya jenereta na ukuta wa ghorofa, usimame uuheshimu.

Kisha kuna Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Vijana wanaonunua viatu kwenye mitaa hiyo wanadhani ni majina tu. Ni majina ya sehemu za kusini ambako Waingereza na Wajerumani walipigana vikali mwaka 1917, huku wapagazi wetu wakibeba mizigo ya pande zote mbili. Yaani ile orodha ambayo Askari wa Samora hana, kipande chake kimepigiliwa kwenye kona za Kariakoo, juu ya vichwa vya wauza soksi. Mtaa wa Kipata nao leo unaitwa Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association. Kibao kinataja jina na basi, hakisemi alikuwa nani.

Anayestahili sifa hapa ni Mohamed Said. Kitabu chake cha 1998 juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes kimezua ubishi, na una haki ya kubishana na tafsiri zake za siasa. Ila kama mwandishi wa mahali, hana mpinzani. Anajua nani alikaa nyumba ipi, jirani yake nani, kahawa ilinywewa wapi. Kariakoo yake ina anwani. Nikisoma wengine, Kariakoo ni kelele na harufu. Nikimsoma yeye, ni milango.

Kitovu cha yote ni Soko Kuu. Hapa nakuomba usahau jua kidogo utazame paa. Msanifu wake ni Beda Amuli, wa kwanza kati ya Waafrika wa Afrika Mashariki katika fani hiyo, na soko lilizinduliwa na Nyerere mwaka 1975. Amuli alisimamisha miamvuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa juu chini, inayokinga mvua na kuiteremsha kwenye matangi ya chini. Mwamvuli wa kawaida unafukuza maji, wa Amuli unayapokea. Kwa mji unaofurika kila masika na kukosa maji kila kiangazi, hiyo ni busara ambayo majengo yaliyofuata yameshindwa kuiiga. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Lilipojadiliwa, tulizungumza, kwa haki kabisa, mitaji na vizimba vya watu. Waliomtaja Amuli walikuwa wachache mno. Kwa mji mwingine jina lake lingekuwa limeandikwa mlangoni kwa herufi za kimo cha mtu.

Riwaya ya maneno matatu

Sasa kuta zenyewe. Watu wakisema sanaa ya mitaani wanafikiria grafiti, na Dar inayo. Kundi la Wachata limechora kuta za mji huu kwa miaka mingi, na herufi zao zina nguvu. Lakini Kariakoo ilikuwa na sanaa yake kabla ya kopo la kupulizia rangi. Kinyozi aliyechorwa mlangoni, kichwa kikubwa kuliko mabega. Nyekundu ya Simba Mtaa wa Msimbazi ikitazamana na kijani na njano ya Yanga kule Jangwani, ambapo mtu anapaka ukuta wake rangi ya timu kabla hajapaka chokaa ndani. Na khanga za Uhuru Street zilizotundikwa madukani, kila moja na jina lake, maktaba inayopepea ambayo hakuna mhakiki anayeipitia ukurasa kwa ukurasa.

Juu ya yote kuna maandishi ya ukutani. "Usikojoe hapa." "Hakuna njia." Na lile kubwa kuliko yote mjini hapa: "Nyumba hii haiuzwi."

Maneno matatu tu. Hayana mtendaji. Hatuambiwi nani anakataa kuiuza, tunaambiwa nyumba tu, kana kwamba inajisemea. Na hakuna anayeandika hivyo kama hakuna aliyejaribu kuiuza. Kwa hiyo sentensi hiyo ina kisa nyuma yake, na ina msomaji maalumu inayemlenga. Nilikuwa nadhani msomaji huyo ni tapeli. Siku moja nikaketi kwenye benchi la muuza kahawa, mkabala na nyumba yenye maandishi hayo, karibu na mzee aliyekuwa akitafuna kashata taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, kahawa bado ya moto."

Nikamuuliza, matapeli wamezidi mtaa huu?

Akatazama ukuta, akacheka kidogo. "Ile haijaandikiwa matapeli, mwanangu. Ile ameandikiwa kaka yake."

Hakuongeza neno, nami sikuhoji zaidi. Mirathi, ndugu kumi na mmoja, kiwanja kimoja ambacho bei yake imepanda kuliko udugu: yote yamo. Tunalalamika kwamba hatuna riwaya mpya za mji. Tunazo, zimeandikwa kwa chokaa, na siku ndugu wakikubaliana zitavunjwa pamoja na ukuta.

Angoulême, mji usio mkubwa kule Ufaransa, umejulikana duniani kwa sababu uliamua kuzichukulia katuni kuwa urithi. Una tamasha lake tangu 1974, kuta zimechorwa wahusika wa katuni, hata vibao vya mitaa vimetengenezwa kwa umbo la lile puto la maneno ya mhusika. Mgeni anapewa ramani, anatembea, anasoma mji. Sisi tulikuwa na gazeti la Sani likipita mkono kwa mkono, tulikuwa na Ndumilakuwili, Madenge na Kipepe, tuna Kingo wa James Gayo. Hao ni watu wa Uswahilini tupu, wanafahamika kuliko mawaziri. Onyesha ukuta mmoja wa Kariakoo uliopewa Ndumilakuwili. Fedha si kisingizio, rangi ni ileile wanayopakia matangazo ya sabuni.

Wapelelezi wetu hawatembei

Nilisema huu ni uhakiki, basi niwageukie waandishi. Dar es Salaam imeandikwa. Faraji Katalambulla aliipa Inspekta Wingo katika *Simu ya Kifo* mwaka 1965, Elvis Musiba akampa Willy Gamba, Ben Mtobwa akampa Joram Kiango na baadaye akaandika *Dar es Salaam Usiku*. Nimewasoma wote kwa raha na sitaomba radhi. Ila angalia wanavyosafiri: gari, teksi, ndege. Mji unapita dirishani, baa hii, hoteli ile. Mashujaa wetu wana haraka, na mtu mwenye haraka hasomi ukuta. M. G. Vassanji, katika hadithi za *Uhuru Street*, anatulia zaidi, mtaa wake una vumbi na majirani. Hata hivyo jicho lake, kwa haki, ni la mtoto wa dukani: linautazama mtaa kutoka ndani, kaunta ikiwa katikati. *Street Level* ya Sarah Markes, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011, ndiyo iliyofanya kazi ya miguu kweli: mchoraji kaketi barabarani, kachora majengo kabla hayajaanguka. Ni kitabu kizuri cha kupenda mji. Ninachokitamani ni ndugu yake wa Kiswahili, cha bei ya kijana wa Mchikichini, kitakachochora nyumba ya udongo kwa heshima ileile iliyopewa nyumba ya ghorofa.

Lakini nani akae kwenye makumbusho?

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimepewa mara nyingi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, choo kimoja watu ishirini, mbona mnaipenda nyinyi msiolala humo? Mwenye nyumba akipata mwekezaji, akapewa fleti mbili na fremu moja kwenye ghorofa jipya, wewe mwandishi una nini cha kumwambia?

Sina. Nisingemshauri mama wa mtu akatae fedha ili mimi nipate cha kuandika Jumapili. Wala kuta za zamani si takatifu, kama ambavyo kuta mpya si salama kwa sababu ni mpya. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu ishirini wakafa. Baada ya siku ile, mtu akizungumzia uzuri wa majengo ya mtaa huu bila kuwakumbuka waliofukiwa, simsikilizi. Na kule chini, Bonde la Msimbazi, watu wamejifunza aina nyingine ya maandishi ya ukutani: ile X nyekundu iliyopakwa kwenye nyumba za mabondeni mwishoni mwa 2015, kabla ya tingatinga kufika. Herufi moja, mwandishi mmoja, na maana inayoeleweka mara moja hata kwa asiyejua kusoma.

Ninachodai ni kidogo kuliko kuzuia ghorofa. Kabla nyumba haijavunjwa, ipigwe picha, ipimwe, maandishi yake yanakiliwe, na wazee wake waulizwe. Wanafunzi wa usanifu na wa fasihi wanaweza kuifanya kazi hiyo pamoja kwa muhula mmoja. Ghorofa jipya likisimama, liandikwe mlangoni: hapa palikuwa na nyumba ya fulani, ilijengwa mwaka fulani, na hiki ndicho kilichotokea. Vibao vya Narung'ombe na Kleist Sykes viongezwe mstari mmoja wa maelezo. Jiji litoe ramani ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayoanzia Mtaa wa Shaaban Robert na kuishia Jangwani, na jina la Beda Amuli liwemo kwa herufi kubwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomnyima mwenye kiwanja shilingi yake.

Tusipofanya hivyo, ushahidi tutakaomwachia msomaji wa miaka hamsini ijayo ni shaba ya Samora, yenye ahadi ya majina na isiyo na jina, na mabango ya kuchapwa kwa kompyuta ambayo jua la Dar huyafuta kwa miaka miwili. Atadhani Kariakoo ilikuwa mahali pa kununulia vitu tu.

Kwa hiyo Jumapili hii vaa viatu vya kutembelea, beba maji na daftari. Ukifika Mnazi Mmoja, vuka. Ukikuta ukuta umeandikwa, nakili maneno yote, na makosa yake ya tahajia uyaache yalivyo, kisha andika mtaa na tarehe. Usisahau kumsalimia aliyeketi kibarazani kabla hujatoa simu kupiga picha. Huenda yeye ndiye mwandishi.